Shangazi, mteja alisema ameshaaga watoto na kaunsela wangu akaganda

Shikamoo Shangazi,

Mi ni mama wa miaka 38, niko Morogoro, nasimamia kituo kidogo cha ushauri nasaha, cha shirika ambalo sitalitaja jina. Tuko makaunsela sita tu, wawili wamesomea ustawi wa jamii, waliobaki wana kozi fupi na moyo. Kazi zetu za kila siku ni ndoa, VVU, vijana wa bangi, ugomvi wa mirathi, mambo ambayo mtu anakuja leo anarudi wiki ijayo. Sasa Jumanne mbili zilizopita limetokea jambo mpaka leo silali vizuri.

Asubuhi alikuja mama mmoja muuza nyanya sokoni, tulikuwa tunamjua, alishakuja mara tatu kwa ajili ya mikopo ya kausha damu, alikuwa anakopa huku analipa kule mpaka wakambebea kochi na tivii mbele ya majirani. Siku hiyo wakubwa wote tulikuwa nje, ofisini kabaki binti wa miaka 24, kaajiriwa mwaka huu. Yule mama akakaa, akakunja kanga yake vizuri juu ya magoti, akasema kwa utulivu kabisa, "Mwanangu, watoto nimeshawaaga, leo nimepita tu kukushukuru maana wewe ulinisikiliza."

Binti akaganda Shangazi. Ananiambia alisikia masikio yanavuma. Afu akasema alichoweza kusema, "Usiseme hivyo mama, Mungu hapendi, fikiria watoto wako." Yule mama akatabasamu, akasema kweli mwanangu. Binti akatoa ile fomu yetu ya ahadi, ile imeandikwa naahidi sitajidhuru, mama akaweka dole gumba, akashukuru, akaondoka zake.

Hapo ndo binti akashtuka. Akanipigia, simu yangu nimeizima sauti niko kikaoni. Akapiga namba ya hospitali iliyobandikwa ukutani, haipatikani, kumbe ile karatasi ina miaka. Basi akaacha ofisi wazi akakimbia mpaka stendi ya daladala na ndala zake, akamkuta mama kwenye foleni ya gari la kwao, akamshika mkono hakumwachia mpaka nilipoona missed call 11 nikafika na bodaboda. Tulimpeleka hospitali, yuko hai, sasa hivi anakaa kwa dada yake.

Ila binti hayuko sawa. Anakuja kazini anakaa, mteja akiingia mikono inamtetemeka. Na wenzake ndo wanaongea, mmoja mzee kidogo anasema haya mambo hayaulizwi, ukimuuliza mtu kama anataka kujiua unamfundisha. Mkurugenzi ye anataka semina ya siku moja, mtaalam atoke Dar, projekta, chai, posho, vyeti, mambo yaishe. Bajeti ya mafunzo ya mwaka mzima ndo hiyo hiyo. Sasa mi nauliza, semina inatosha? Mtu anaandaliwaje kwa kitu kama kile? Na binti alikosea?

Msimamizi asiyelala, Morogoro

Marahaba mwanangu,

Pole sana, na mpe pole binti kutoka kwangu kabla hata hujamaliza kusoma barua hii. Umeuliza kama alikosea. Mdomo ulimkosea, ndiyo, ila miguu yake ilifanya kazi ya kaunsela. Aliyeacha ofisi wazi akakimbia na ndala mpaka stendi akashika mkono wa mtu na hakuuachia, huyo ana kitu ambacho hakuna semina itakayomfundisha mtu. Kilichokosekana ni maneno, na maneno hakupewa na yeyote, sasa hilo sio la kwake peke yake, nitalirudia huko chini na wewe utanivumilia.

Nikwambie kwanza nilijifunzia wapi. Nilikuwa nesi na nikawa natoa majibu ya VVU miaka ile kabla dawa za ARV hazijaanza kutolewa bure hapa nchini mwaka 2004. Fikiria, unamwambia mtu ana virusi na huna cha kumpa zaidi ya maneno. Kozi nilisoma, daftari lilijaa. Siku ya kwanza mbele ya kijana mmoja dereva wa lori, nikafungua mdomo nikasema "majibu yako... eh... sio mazuri sana kaka angu", yule kijana akaniuliza sio mazuri yakoje, nikashindwa. Akaondoka hajui kama ana malaria au ana nini. Sista wetu mkuu hakunigombeza. Alinifungia kwenye stoo ya mashuka akaniambia sema, "Majibu yanaonyesha una virusi vya UKIMWI," sema kwa sauti, uuambie ukuta, nisikie mpaka nje. Nilisema labda mara thelathini. Mara za mwanzo nililia, mara za mwisho sauti ilikuwa inatoka kawaida kama ya mtu anayesema bei ya unga. Toka siku hiyo sijawahi kushindwa kuisema, na kwa vile sikuwa nahangaika tena na mdomo wangu nikaanza kumuona mtu aliyeko mbele yangu.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hilo. Mtu akishtuka, kichwa kinafunga, kinachobaki ni kile mdomo ulishazoea kusema. Binti wako mdomo wake ulizoea nini? Ulizoea yale tunayosema wote misibani na kanisani na msikitini, Mungu hapendi, fikiria watoto. Ndo yakatoka.

Na tuyaangalie hayo maneno kidogo maana kila mtu anayasema. Yule mama wa nyanya unadhani hajawafikiria watoto wake? Amewafikiria usiku kucha, kawafikiria mpaka akaona yeye ndo deni lenyewe, akiondoka yeye na deni limeondoka, watoto watapumua. Ukimwambia fikiria watoto unamrudisha palepale anapoungua. Na ukimwambia Mungu hapendi umemfungia mlango wa mwisho, sasa atakwambia nini tena? Atatabasamu. Lile tabasamu la kweli mwanangu ndo la kuogopa kuliko machozi.

Sasa huyo mzee wenu anayesema ukiuliza unafundisha. Namheshimu, na mi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, ila sio kweli na limeshapimwa. Mwaka 2005 walitoa utafiti Marekani, wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,300 wa jimbo la New York, wengine waliulizwa kuhusu kujiua na wengine hawakuulizwa, na walioulizwa hawakuzidiwa mawazo ya kujiua kuliko wenzao, na wale waliokuwa na huzuni nyingi au walishawahi kujaribu hawakuumia kwa kuulizwa. Na mi nakwambia cha kwenye kiti changu, kila niliyemuuliza wazi alishusha mabega. Kila mmoja. Ni kama mtu aliyebeba ndoo kichwani mwendo mrefu afu mwingine akasema lete nikushikie.

Tatizo la Kiswahili chetu tuna adabu nyingi sana kwenye jambo hili. Tunauliza "unafikiria kufanya jambo baya?", au "huna mpango wa kuchukua maamuzi magumu?" Mtu anajibu hapana, na hajadanganya, kwake sio jambo baya, ni kupumzika. Na ukianza na "huna" umeshamwambia unataka jibu gani. Uliza hivi, "Mama, unafikiria kujiua?" Basi. Neno lenyewe, kwa sauti ya chini, afu unyamaze. Unyamaze kweli, hata kama ukimya ni mrefu mpaka unasikia mafriji ya jirani. Akikubali ndo unaendelea, umefikiria utafanyaje, umeshakiandaa kitu chochote, ni leo au lini, uliwahi kujaribu kabla. Hayo yote unauliza kama nesi anayeuliza homa ilianza lini. Na wafundishe kusikia yale ambayo watu wetu wanasema badala ya neno lenyewe, nimeshaaga, nimechoka kabisa, natamani nilale nisiamke, mtabaki na amani, nimepita kushukuru, na wale wanaogawa vitu vyao, mwenye vitenge anagawa vitenge. Yule mama alishasema mlangoni, hakuficha.

Haya, semina. Usiikatae, utagombana na mkurugenzi bure, ila igeuze. Mwambie huyo mtaalam slaidi ziishe saa nne, muda uliobaki watu wafanye kwa mdomo wawili wawili, mmoja mteja mmoja kaunsela, mbele ya wenzao, na mteja awe mgumu, anyamaze, acheke, asimame aseme nachelewa gari. Simu iite katikati. Afu baada ya hapo kila Jumatano saa nane mchana, nusu saa, bila posho bila chai, mnarudia nyie wenyewe. Hata huyo mzee mpe zamu yake, mpe awe mteja kwanza, mara nyingi mtu akiulizwa ye mwenyewe vizuri anaelewa mwenyewe bila kubishana. Semina ya siku moja, ikipita miezi mitatu imeshayeyuka, ila nusu saa ya kila wiki inakaa mdomoni.

Ile fomu ya ahadi, mwanangu, ichome. Sio utani. Ile inamlinda mwenye ofisi, haimlindi mteja, na haijawahi kuonyeshwa kwamba inazuia mtu kufa. Mbaya zaidi inampa kaunsela amani ya uongo, dole gumba limewekwa basi yameisha, na mteja naye anajua akizidiwa usiku hawezi kurudi kwenu maana ameshavunja ahadi.

Badala yake kuna karatasi inaitwa mpango wa usalama, wameitengeneza Barbara Stanley na Gregory Brown huko Marekani, mnaandika wawili, kwa maneno ya mteja mwenyewe sio ya kwenu. Nikikufanyia ya yule mama ingekuwa hivi. Dalili zangu za hatari, nikianza kuhesabu marejesho saa nane usiku na moyo unaenda mbio. Kitu ninachoweza kufanya mwenyewe, kuamka nikafue, kusali, kuwasha redio. Mahali pa kwenda nikachanganyike na watu, kwa jirani mwenye watoto wadogo, kwaya. Watu wa kuwaambia ukweli kwamba nimezidiwa, dada yangu, namba hii. Wataalamu, kituo, hospitali, namba hizi. Na mwisho, nyumbani tunaondoa nini. Karatasi moja, inaingia kwenye pochi ya kanga. Mwaka 2018 waliitolea utafiti kwenye hospitali za wanajeshi wastaafu kule Marekani, watu 1,640, na waliopewa mpango huu pamoja na kupigiwa simu baada ya kutoka hospitali, matukio ya kujaribu kujiua na yanayofanana na hayo yalikuwa pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi 6 ukilinganisha na wengine.

Hilo la kuondoa vitu nyumbani nataka nilikazie maana mko Morogoro, mkoa wa mashamba, sumu za bustani zinakaa chini ya kitanda na vidonge vya bibi viko kabatini. Sri Lanka walipiga marufuku sumu kali za kilimo moja baada ya nyingine, na toka 1995 vifo vya kujiua vikashuka kama asilimia 70. Watu hawakuacha kuwa na shida, madeni yalikuwepo na mapenzi yalikuwepo, ila ile saa mbaya ilipofika kitu hakikuwa mkononi, na saa mbaya huwa inapita. Kwa hiyo dada wa yule mama aombwe leo, kwa heshima, avitoe vyote ndani avipeleke kwa mtu mwingine.

Na mtu akisema ni leo na ameshaandaa, hapo hamna mpango wala karatasi, haachwi peke yake hata dakika moja, hapandishwi bodaboda peke yake, anaitwa ndugu na mnaenda naye hospitali mpaka mkabidhiane na mtu kwa jina. Mjue pia kwanini wengi hawasemi, wanaogopa polisi. Hapa Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Wenzetu Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu chao cha 226 kinapingana na katiba, na mi naomba nifike siku ya kuona na chetu kimeondoka. Kaunsela ajue hili kabla, ili mteja akimuuliza "utaniitia polisi?" asitumbue macho, amwambie nakupeleka kwa daktari na tutakaa wote.

Sasa naja kwako, na nasema kwa upendo. Binti alipiga namba mbili, zote mbili zilikufa, moja yako na moja ya ukutani. Hapo ndo palipokosewa. Kaunsela hata awe na cheti cha wapi, akipiga simu mara ya kwanza kwenye maisha yake akiwa na mtu anayetaka kufa na hakuna anayepokea, ataganda tu. Leo hii weka zamu, kila siku kuna msimamizi mmoja ambaye simu yake hailali, awe kikaoni awe msibani, na chini yake jina la pili, na la tatu. Hakuna mtu kubaki peke yake ofisini mwaka wake wa kwanza. Na karatasi ya ukutani, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mtu anakaa anapiga kila namba kuona kama inapokelewa, hospitali, afisa ustawi wa kata, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na 116 ya watoto ambayo ni bure. Na muandike chini kwa kalamu nene kwamba aliyebakwa ana masaa 72 tu ya kuanza dawa za kuzuia VVU na kila saa inayopita inahesabika, kwa hiyo kwanza hospitali, maongezi marefu baadaye. Mume akija mlangoni na hasira kaunsela akae karibu na mlango sio nyuma ya meza. Hayo nayo myafanyie mazoezi, msiishie kuyabandika.

Hela ya projekta ikibaki nunua vocha. Zamani huko San Francisco daktari Jerome Motto alikuwa anawatumia barua fupi watu waliotoka hospitali wakakataa matibabu, barua za mistari miwili, tunakukumbuka tunatumaini uko salama, hamna anachowadai. Waliopata barua walijiua wachache kuliko wasiopata, hasa miaka miwili ya mwanzo. Nyie mna meseji, ni shilingi ngapi? Wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, Krismasi, Iddi.

Kuhusu binti. Usimkalishe mbele ya wenzake semina nzima asimulie ilivyokuwa, najua mtaalam ataomba kwa sababu ni mfano mzuri, kataa. Ile ya kumlazimisha mtu aeleze kila kitu hatua kwa hatua baada ya tukio hata WHO, Shirika la Afya Duniani, hawaishauri. Mkalie wewe pembeni, mnywe chai, aseme anachotaka. Mrudishe kazini akiwa wa pili, we unaongoza ye anasikiliza, wiki mbili tatu, afu mnabadilishana. Mikono ikiendelea kutetemeka na usingizi ukikataa zaidi ya mwezi, mpeleke kwa mtaalamu na shirika lilipe, isiwe mshahara wake. Na umwambie kwa mdomo wako kwamba simu yako ilikuwa kimya na hiyo ilikuwa kosa lako. Najua ni ngumu. Atalala siku hiyo.

Na yule mama, deni bado lipo. Kila mkimaliza kumpa ushauri mzuri anarudi nyumbani anakuta marejesho mlangoni. Kwa hiyo mmoja wenu aende naye kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na muangalie huyo mkopeshaji kama ana leseni, maana toka Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 kukopesha kibiashara bila leseni hairuhusiwi, na Benki Kuu (BoT) wana orodha ya wenye leseni. Anayebeba makochi ya watu bila karatasi hana ubavu mkishafika kwake watatu mna kalamu na daftari. Binti aende pia. Amuone mama akiwa hai amekaa anabishania riba.

Yule mama mmempigia simu wiki hii? Kama bado, weka barua hii chini umpigie sasa hivi. Afu ukishaandika karatasi mpya ya ukutani nitumie picha nikuangalizie kama mmesahau namba.

Shangazi